Upekuzi kabla ya ajira ya serikali: maswali mnayouliza kila siku hapa Tanga

Haya maswali nimeyakusanya kwa watu wanaokuja steshenari kuskani vyeti na kujaza maombi ya Polisi, Uhamiaji, Magereza, bandarini na ofisi zingine ambazo huingii mpaka uchunguzwe. Mtu anajaza vizuri tu jina, shule, simu, akifika kwenye vipengele vya kukamatwa, ndugu wa nje, majina mengine uliyowahi kutumia, anashusha sauti ananiambia "sasa dada hapa nikiandika si nimejimaliza?" Mi si wakili wala afisa usalama, nauza kopi na kupiga chapa, ila sheria nazisoma na yanayowapata watu nayaona, kwahiyo nimeamua niyaandike mara moja nisiwe narudia kila asubuhi.

Upekuzi ndo ile hati ya tabia njema ya Polisi?

Hapana, watu wanachanganya sana hapa. Hati ya tabia njema unaiomba mwenyewe, unachukuliwa alama za vidole, Polisi wanaangalia kama una rekodi ya jinai, unapewa karatasi yako unaondoka. Upekuzi, au vetingi kama wengi wanavyosema, huuombi wewe, anautaka mwajiri, na kwa nafasi nyeti na za uteuzi kazi hiyo inafanywa na Idara ya Usalama wa Taifa, ile iliyowekewa sheria yake mwaka 1996. Huku hawatafuti kesi peke yake. Wanataka kujua we ni nani kweli, umekulia wapi, unaishi na nani, unadaiwa na nani, na kubwa kuliko yote, kama kuna mtu ana siri yako ambayo anaweza kuitumia kukuendesha ukishakaa kwenye kiti. Na hupewi cheti chochote. Unaona tu jina limetoka au halijatoka.

Wanamuuliza nani? Si wanaangalia kwenye kompyuta tu?

Kompyuta ipo, NIDA ya vitambulisho ipo, NECTA ya mitihani ipo, RITA ya vyeti vya kuzaliwa ipo. Lakini wanauliza watu pia: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wako, jirani, uliofanya nao kazi. Na Tanga hii mnaijua wenyewe, unatoka Makorora unafika Chumbageni mtu anakuita kwa jina la babu yako. Mpekuzi akikaa barazani na kikombe cha kahawa nusu saa anajua mpaka ulivyoachana na mchumba.

Ndo maana ushauri wangu ni mmoja na majibu yote ya chini yanatoka hapohapo: kabla hujaandika "hapana" kwenye fomu, jiulize mtaani kwenu wakiulizwa swali hilohilo watajibu nini. Kama mtaa utasema "ndio" na we umeandika "hapana", mpekuzi haangalii tena lile jambo lenyewe, anakuangalia we.

Niliwahi kuwekwa ndani siku mbili kwa ugomvi wa mpira, kesi haikufika hata mahakamani. Niandike?

Soma swali limeandikwaje, usijibu unavyolihisi. Kuna kukamatwa, kuna kushtakiwa, kuna kutiwa hatiani, ni vitu vitatu tofauti. Swali likiwa "umewahi kutiwa hatiani na mahakama" na we hujawahi, jibu lako ni hapana na hujadanganya mtu. Likiwa "umewahi kukamatwa au kushikiliwa na Polisi kwa sababu yoyote", basi zile siku mbili ni ndio, hata kama ulitolewa bila karatasi, hata kama aliyekushtaki ni shemeji yako na sasa hivi mnakula sahani moja.

Ukiandika ndio, usiishie hapo ukaacha mtu abuni mwenyewe. Weka mwaka, kituo gani, ilikuwa nini, iliishaje. Mistari minne inatosha: "Mwaka fulani nilishikiliwa kituo fulani kwa ugomvi baada ya mechi Mkwakwani, niliachiwa kwa dhamana, sikufikishwa mahakamani, sijawahi kukamatwa tena." Usianze kujitetea ukurasa mzima, usimtukane askari aliyekukamata, usiandike hadithi ya Coastal Union ilivyoonewa na refa (wapo wanaoandika, wallahi). Mtu anayesoma hiyo fomu amesoma nyingi, ugomvi wa kijana wa miaka 19 haumtishi. Kinachomshtua ni kuukuta kwenye daftari la kituo wakati fomu iko nyeupe.

Na ile ya kesi kufutwa: kesi kufutwa haina maana haikuwepo. Tafuta nakala ya uamuzi au hati kutoka mahakama husika, ambatanisha. Wengi wanaona uvivu kwenda kuomba.

Nilikuwa natafuna mirungi. Kenya si halali?

Kenya ni zao la biashara, ukivuka mpaka wa Horohoro tu ni kitu kingine. Huku kwetu mirungi ni dawa ya kulevya na sheria ni ya mwaka 2015, ile ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya. Wakikuuliza umewahi kutumia, iwe uliitafuna Mombasa kwenye harusi au hapa Duga, jibu kweli, sema lini uliacha. Kutumia zamani ukaacha na kutumia mpaka jana sio jambo moja, na kuuza ni jambo la tatu kabisa, hilo la tatu usije kwangu nikuandikie, tafuta wakili. Ila usiandike umeacha na mdomo bado wa kijani.

Vyeti vyangu vina jina tofauti na la nyumbani. Nifanyeje?

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapoua watu wengi na wengine hata hawajui kama wamedanganya.

Aina ya kwanza ni ya kawaida. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, shuleni mwalimu aliandika Hamisa, NIDA ikatoka Mwanahamisi na jina la babu, leseni jina la ukoo. Hii sio dhambi. Unaenda kwa wakili unaapa hati ya kiapo kwamba majina haya yote ni mtu mmoja, au kama umebadilisha jina kabisa unasajili hati ya kubadili jina, na kwenye fomu pale panapouliza "majina mengine uliyowahi kutumia" unayaweka yote. Mpaka lile la utani kama ndo mtaa unakujua nalo. Kuna kijana mtaani kwao hawamjui kwa jina la cheti, mpekuzi akiuliza "mnamfahamu fulani bin fulani?" wataapa hawajawahi kumsikia, wakati wanamwita Chapati tangu darasa la kwanza. Aandike.

Aina ya pili ni ile ya "nilirudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine". Zamani ilikuwa kawaida sana, mtoto kafeli, mwenzake kaacha shule kaolewa au kaenda kuvua, mzazi na mwalimu mkuu wanaelewana, mtoto anakaa kwenye kiti cha mwenzake na jina lake, anaenda nalo sekondari, anapata cheti cha kidato cha nne kwa jina lisilo lake, anazeeka nalo kazini. Hati ya kiapo haigeuzi cheti cha mtu kikawa chako. Mnakumbuka mwaka 2017, taarifa ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli Dodoma mwezi wa 4, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, na kilichoumiza ni kuwa humo walikuwepo watu waliofanya kazi miaka na miaka, wamebakiza kidogo wastaafu. Kama uko kwenye hali hii usitume maombi kwanza. Nenda kwa mwanasheria, eleza yote, ujue unasimama wapi. Kughushi kwenye Kanuni ya Adhabu adhabu yake inafika miaka 7.

Na aina ya tatu, kupunguza umri. Tangazo linataka usizidi miaka 25, we una 27, unakwenda kutafuta cheti kipya cha kuzaliwa. Wakati huo kadi yako ya kliniki, rekodi za shule ya msingi, NIDA na mdogo wako wa tumbo moja wanasema vingine. Nimeona mtu kwenye fomu kazaliwa miezi 4 baada ya mdogo wake.

Mama yangu ni wa Vanga, Kenya, shangazi yuko Mombasa, mjomba Muscat. Si bora nisiwataje?

Wataje. Ukanda huu wote wa Mkinga, Moa, Jasini, Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka, mzungu alipitisha mstari katikati ya ukoo. Na ndugu wa Omani au Yemeni Tanga hii ni nani hana? Mpekuzi anayefanya kazi mkoa huu anajua hivyo kuliko mimi, hawezi kushangaa una shangazi Mombasa, atashangaa huna. Weka jina, uhusiano, yuko wapi, anafanya kazi gani, mnawasiliana mara ngapi. Akikutumia hela sema anakutumia.

Kitu cha kuangalia kweli ni uraia. Kwa sheria yetu ya uraia ya 1995 mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, kwahiyo kama una kitambulisho cha Kenya mfukoni na cha NIDA kabatini, hilo sio swali la steshenari, nenda Uhamiaji ukaelekezwe kabla hujagusa fomu yoyote. Pia matangazo ya Polisi yamekuwa yakitaka uwe raia wa kuzaliwa na wazazi wako wote wawili wawe raia wa kuzaliwa. Soma tangazo la mwaka wako. Kama mama ni Mkenya wa Vanga na sharti ndo hilo, basi nafasi ile sio yako, inauma lakini zipo ofisi zisizo na sharti hilo. Kumzalisha mama yako upya Mkinga kwenye makaratasi ni kumtia na yeye kwenye kesi.

Nina mtoto na tangazo linataka asiye na mtoto

Hili linanijia sana, wakaka kwa wadada, ila wadada ndo wanaulizwa zaidi, na si haki ila ndo hivyo. Sikubaliani na hilo sharti mimi binafsi, kijana wa miaka 22 kuwa na mtoto kunamzuiaje kushika doria? Lakini kutokubaliana na sharti hakukupi ruhusa ya kuandika uongo. Mtoto ana cheti cha RITA, ana kadi ya kliniki, ana bibi anayempenda na kumtembeza mtaa mzima. Na ukishamkana kwenye fomu utaendelea kumkana, bima ya afya huwezi kumuweka, likizo ya dharura akiugua huwezi kuomba. Angalia ajira zingine.

Madeni yanahusu nini na wao?

Yanahusu. Mtu anayedaiwa na hana pa kulipia ndo mtu rahisi kununuliwa, sehemu zote duniani wanaangalia hivyo. Kudaiwa sio tatizo, kukimbia ndo tatizo. Mkopo wa Bodi ya elimu ya juu andika, hauwashtui hata kidogo, ukiajiriwa watakukata asilimia 15 ya mshahara na maisha yanaendelea. Vikoba, mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, zile programu za kwenye simu zinazokopesha elfu 30 halafu wanawapigia namba zako zote mpaka imamu wa msikiti, yote hayo orodhesha unadaiwa kiasi gani na unalipaje. Jiulize tena swali la mtaa: yule mama wa kikoba akiulizwa, atasemaje?

Baba alifungwa kwa magendo ya sukari. Nitahukumiwa kwa kosa lake?

Kosa lake ni lake. Pwani yetu ina bandari bubu kila penye mikoko, familia zilizoguswa na magendo ni nyingi. Wanachotaka kujua ni kama we ulishiriki, kama bado anafanya, na kama ukikaa bandarini au forodhani atakutumia. Ukiulizwa kuhusu wazazi usimuue baba kwenye fomu. Kuna mtu aliandika "marehemu" na mzee anauza madafu Raskazone.

Jamaa kaniambia nimpe laki tano anaongea na wapekuzi

Tapeli. Na hata asingekuwa tapeli, ingekuwa rushwa na TAKUKURU inawahusu wote wawili, we na yeye. Afadhali hiyo laki tano ubaki nayo. Tena usimpe mtu wa hivyo nakala ya NIDA wala vyeti, na hata kwetu steshenari ukimaliza kuprinti hakikisha faili limefutwa kwenye kompyuta, una haki ya kudai hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023.

Kaka yangu yuko Marekani, anaomba klirensi, yaani kibali cha usalama, ya serikali kule, kaniambia jina langu na la mama yataandikwa. Tuogope?

Msiogope, na msimwambie awafiche. Kule wenzetu wameandika taratibu wazi. Fomu yao inaitwa SF-86, ni ndefu ina kurasa zaidi ya 100, na lazima ataje wazazi, ndugu, wakwe, hata watu wa nje ambao kwa miaka 7 iliyopita amekuwa karibu nao, safari za nje za miaka 7, na kama amewahi kumsaidia kifedha mtu ambaye sio raia wao. Kwahiyo zile hela anazomtumia mama kila mwezi zinaandikwa. Na kile kiwanja cha Pongwe ambacho hati ina jina la mama lakini kila mtu anajua kanunua yeye, fomu inauliza pia mali za nje anazoshikiwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Wengi wetu hapo ndo wanateleza, anasema "mi sina mali Tanzania" na rohoni anaamini kabisa, halafu kuna picha zake za msingi wa nyumba kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Wana vigezo 13 vya kupima mtu, vinavyotumika tangu Juni 2017, na kimoja kinahusu tabia binafsi, humo ndo kuna suala la kuficha au kudanganya kwenye fomu. Uongo wa makusudi kwenye karatasi za serikali kuu yao unaweza kumpa mtu mpaka miaka 5 jela. Ila kigezo hichohicho kinasema ukijirekebisha mapema kwa nia njema, kabla hawajakubananisha na ushahidi, inahesabika upande wako. Mwaka 2017 Jared Kushner, mkwe wa Rais Donald Trump, fomu yake ya kwanza iliacha mikutano yake na watu wa nje, ikabidi aongezee zaidi ya mara moja na magazeti yakamwandika weee. Mkwe wa rais mzima. Kwahiyo kaka yako akiuliza tarehe ya kuzaliwa ya shangazi, mpeni ya kweli, msikadirie.

Nimeshatuma fomu na kuna kitu nilikificha. Nikaushe tu?

Usikaushe. Andika barua fupi kwa ofisi uliyoombea, taja namba ya maombi yako, sema kipengele gani, taarifa sahihi ni ipi, ambatanisha ushahidi. Usisingizie steshenari, tafadhali, mnatusingizia sana, "aliyenichapia ndo kakosea", fomu umeisaini we. Na kama ni kusahau kweli, mfano ulisahau kazi ya miezi miwili uliyofanya kiwandani Pongwe, sema nimesahau, watu wanasahau. Ukiitwa kwenye mahojiano kabla barua haijafika, anza na hilo kabla hujaulizwa.

Kama kilichofichwa ni cheti au uraia, barua isitangulie, wakili atangulie.

Mitandao nifute?

Mambo ya aibu ya utotoni ukifuta hamna anayekukataza, ila ukiulizwa akaunti zako taja zote, na ile ya jina bandia unayotukania watu usiku pia ni yako.

Nikisema yote halafu nikakosa?

Inawezekana, sitakudanganya. Kuna sharti ukilikosa umelikosa, na hakuna anayekuja kukueleza kwanini. Lakini aliyekosa kwa kusema kweli anaomba tena mwakani, anaomba ofisi nyingine, rekodi yake safi. Aliyekamatwa na uongo fomu yake ya zamani inabaki kwenye faili, na ile mpya italinganishwa na ile. Halafu wanaopita kwa uongo hawapumziki, ukipandishwa cheo wanakupekua tena, ukifika ngazi ya uongozi unajaza na tamko la mali kila mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili.

Nibaki na kopi?

Ndiyo, ya kila ukurasa, kabla hujatuma. Miaka mitatu mbele utaulizwa ulihamia Kisosora lini na hutakumbuka. Kopi ni mia moja ukurasa, ukileta fomu nzima tunapunguziana.